Ruth Brown hakutapanya fedha zake, hazikumfikia

Mhariri,

Makala yenu ya kurasa za burudani kuhusu waasisi wa muziki wa R&B (rhythm and blues) nchini Marekani ilimpa Ruth Brown sentensi mbili tu. Ilisema alivuma miaka ya 1950, akazichezea fedha zake, akaishia kufanya kazi za ndani. Kuvuma alivuma, na kazi za ndani alizifanya. Katikati hapo ndipo makala ilipopotoka, na tunaomba parekebishwe. Ruth Brown hakuwa na fedha za kuchezea, kwa sababu mirabaha ya nyimbo zake, yaani fungu lake katika mauzo, haikumfikia. Alikaa miongo miwili na zaidi akiambiwa kwamba yeye ndiye anayedaiwa na kampuni iliyouza santuri zake. Namna deni hilo lilivyotengenezwa, na namna alivyolivunja kwa faida yake na ya wenzake wengi, ni habari ambayo mwimbaji yeyote anayekaribia kutia saini mkataba angefaa kuisoma taratibu.

Tuanze na mwenyewe. Alizaliwa Januari 1928 mjini Portsmouth, Virginia, akaitwa Ruth Alston Weston, kifungua mimba wa watoto saba. Baba yake alikuwa kuli wa bandarini siku za kazi na kiongozi wa kwaya ya kanisa la Emmanuel A.M.E. siku za ibada. Binti alijifunza kupaza sauti kanisani, lakini moyo wake ulikuwa kwa waimbaji wa jazi na blues kama Sarah Vaughan, Billie Holiday na Dinah Washington. Mwaka 1945, akiwa na miaka 17, alitoroka nyumbani na mpiga tarumbeta Jimmy Brown, ambaye ndiye aliyemwachia jina la Brown. Akaingia katika bendi kubwa ya Lucky Millinder na hakumaliza hata miezi miwili: alifukuzwa mjini Washington kwa kosa la kuwapelekea wanamuziki wenzake vinywaji bure, akaachwa bila nauli.

Aliyemwokoa ni Blanche Calloway, dada wa mwanamuziki maarufu wa jazi Cab Calloway, na yeye mwenyewe kiongozi wa bendi. Alimpa jukwaa katika klabu ya Crystal Caverns ili apate nauli ya kurudi kwao, kisha akawa meneja wake. Mtangazaji Willis Conover alimsikia hapo na kuwapigia simu wenye kampuni changa ya New York, Atlantic, iliyoanzishwa 1947 na Ahmet Ertegun na Herb Abramson. Safari ya kwenda New York iliishia hospitalini. Oktoba 1948 gari lilipata ajali huko Chester, Pennsylvania. Miguu yake ikaumia vibaya, akalazwa miezi mingi. Mkataba wa Atlantic aliutia saini akiwa kitandani.

Picha hiyo msomaji aishike: msichana wa miaka ishirini na ushee, mgonjwa, bila mwanasheria, mbele ya karatasi iliyoandikwa na upande mmoja. Hatusemi kwamba Ertegun alikwenda hospitalini kumdhulumu. Mikataba ya wanamuziki weusi wa wakati ule karibu yote ilifanana, na mingine ilikuwa mibaya kuliko huo. Ila kila kilichotokea baadaye kilikuwa kimeshaandikwa katika karatasi ile.

Alirekodi kwa mara ya kwanza mwaka 1949, wimbo wa polepole uitwao "So Long", akisindikizwa na bendi ya jazi ya Eddie Condon. Wimbo ulipanda hadi kumi bora ya chati ya muziki wa watu weusi. Mwaka huohuo jarida la Billboard liliacha kuiita chati hiyo kwa jina la kibaguzi la "race records" na kuanza kutumia jina la R&B lililopendekezwa na mwandishi wake Jerry Wexler, ambaye miaka minne baadaye alijiunga na Atlantic kama mshirika. Ruth Brown na jina la muziki wake viliingia sokoni pamoja.

Yeye mwenyewe alipenda nyimbo za polepole za mapenzi. Atlantic ndio waliomsukuma kwenye mwendo wa kasi, na mwaka 1950 mtunzi Rudy Toombs akamletea "Teardrops from My Eyes". Ulikaa namba moja kwa wiki 11. Baada yake zikafuata "5-10-15 Hours" mwaka 1952, wiki 7 kileleni. "(Mama) He Treats Your Daughter Mean" mwaka 1953, wiki 5. Kisha mwaka 1954 "Oh What a Dream", wiki 8, na "Mambo Baby". Nyimbo tano za namba moja katika miaka minne. Kampuni ilikuwa ndogo kiasi kwamba jengo lake la Mtaa wa 56 Magharibi lilikuwa ofisi mchana na studio usiku: meza zilisukumwa ukutani, fundi mitambo Tom Dowd akapanga vipaza sauti, na kazi ikaanza. Watu wa biashara ya muziki wakaiita Atlantic "nyumba aliyoijenga Ruth", wakiazima jina la utani la uwanja wa besiboli wa Yankee, uliohusishwa na mchezaji Babe Ruth.

Sasa kuhusu sauti, kwa kuwa makala yenu haikuigusa kabisa. Alama yake ni mkwaruzo mdogo wa juu mwishoni mwa neno. Anaanza noti kwa sauti nzito ya kifuani, nguvu kamili, kisha pale ambapo mwimbaji mwingine angelitua neno, yeye anaiachia sauti iruke juu ghafla na kuikata papo hapo. Sikilizeni anavyotamka neno "Mama" katika wimbo wa 1953. Ni kipande kifupi mno, pengine robo ya sekunde, lakini ndicho kinachomfanya msikilizaji ahisi kwamba mwimbaji amechoka kuvumilia. Mwimbaji wa rock and roll Little Richard alisema wazi kwamba alijifunza kwake.

Waimbaji wanaojaribu kumwiga hukosea kwa njia zinazojirudia. Wengine huuvuta mruko ule ukawa kilio kirefu, ukapoteza ukali wake. Yeye hakuuongeza hata kidogo baada ya kuufikia. Wengine huutia katika kila mstari, na kufikia ubeti wa pili sikio limeshauzoea. Kosa baya zaidi ni kuukamua kooni: mwimbaji anakaza shingo ili aifikie noti ya juu, na baada ya nyimbo tatu sauti imekauka. Njia yake ni kinyume cha hapo. Pumzi inabaki na msukumo uleule wa noti nzito, koo ndilo linalolegea kidogo, na sauti inajirukia yenyewe. Anayetaka kujifunza aanze na irabu "a" kwa noti ya katikati, si ya juu, na aache mruko uende popote utakapokwenda kabla ya kuulenga. Kingine ni mahali pa kuuweka: daima mwishoni mwa neno, karibu na pumzi inayofuata, kamwe si mwanzoni.

Chini yake kuna midundo inayostahili kusikilizwa peke yake. Katika "(Mama) He Treats Your Daughter Mean" kinachoshika wimbo ni tari, chombo cha kanisani kwao, kikipigwa kwa uthabiti juu ya ngoma na besi. Katika "Teardrops from My Eyes" saksafoni inajibizana naye. Rekodi zote hizi za mwanzo ni za njia moja: sauti yake na bendi viliingia kwenye mkanda pamoja, na hakukuwa na namna ya kupunguza tarumbeta au kurekebisha neno moja baadaye. Mizani yote ilipatikana kwa umbali wa kila mtu kutoka kwenye kipaza sauti. Akikosea mwimbaji, au mpiga saksafoni akasogea hatua moja, wanarudia wimbo mzima. Ndiyo maana nakala zilizofanyiwa ukarabati wa kidijitali kwa kuongezewa mwangwi, au kugawanywa kwa nguvu kushoto na kulia, husikika vibaya: zinavunja mizani ambayo watu wanane au tisa waliipata chumbani kwa masikio yao.

Kati ya rekodi na rekodi alikuwa barabarani, hasa katika majimbo ya kusini, chini ya sheria za ubaguzi. Aliimba katika maghala ya tumbaku na kumbi ambazo kamba ilinyooshwa katikati, weupe upande mmoja, weusi upande wa pili. Hoteli na migahawa mingi haikuwapokea. Fedha za kuishi zilitoka katika maonyesho haya, kwa kuwa mirabaha haikuonekana. Wakati huohuo waimbaji weupe walikuwa wakirudia nyimbo zile kwa kampuni kubwa zenye nafasi katika redio zote. Patti Page, kwa mfano, alirekodi "Oh What a Dream" mwaka uleule wa 1954. Sheria ya Marekani ilimlipa mtunzi kwa marudio hayo. Mwimbaji wa kwanza, ambaye namna yake ya kuimba ndiyo iliyokuwa ikinakiliwa, hakupata chochote.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hesabu, nasi tunaomba msomaji avumilie tarakimu kidogo.

Mkataba wa kawaida wa wakati ule ulimpa mwimbaji malipo madogo ya papo hapo kwa kila upande wa santuri, pamoja na ahadi ya asilimia ndogo ya mauzo. Asilimia hiyo haikupigwa juu ya nakala zote zilizouzwa. Ilipigwa juu ya nakala 90 katika kila 100, kwa hoja kwamba santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilivunjika njiani. (Kifungu hicho cha uvunjikaji kiliendelea kuandikwa katika mikataba hata baada ya santuri kutengenezwa kwa plastiki isiyovunjika.) Kisha, kabla ya mwimbaji kupata senti, zilikatwa gharama za kurekodi: malipo ya wapigaji, mpangaji wa muziki, studio, na fedha yoyote ambayo kampuni ilikuwa imempa mapema.

Tuchukue mfano wa kubuni, si takwimu za Ruth mwenyewe. Santuri inauzwa senti 80, asilimia ya mwimbaji ni 5, na madukani zimepelekwa nakala 100,000. Kila nakala inayohesabiwa inampa senti 4. Nakala zinazohesabiwa ni 90,000, sawa na dola 3,600. Maduka yanarudisha nakala 10,000 ambazo hazikununuliwa. Zinaondolewa dola 360. Siku ya kurekodi zilirekodiwa nyimbo nne na gharama ilikuwa dola 1,200, zinakatwa. Alikuwa amepewa dola 1,500 mwanzoni kwa ajili ya nguo za jukwaani na kodi ya nyumba; zinakatwa. Zimebaki dola 540. Kabla hazijalipwa, kampuni inamwita studio tena, inarekodi nyimbo nne nyingine kwa dola 1,200, na safari hii hakuna unaouzika. Gharama za nyimbo zilizoanguka zinabebeshwa ule uliofanikiwa. Mwimbaji mwenye wimbo uliovuma nchi nzima sasa anadaiwa dola 660, na kila akirudi studio deni linaweza kukua.

Linganisha na mtunzi. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1909 iliweka senti 2 kwa kila nakala ya wimbo iliyouzwa, na kiwango hicho kilidumu hadi 1978. Katika mfano wetu nakala 90,000 zilizobaki sokoni zinatoa dola 1,800, ambazo kwa desturi hugawanywa kati ya mtunzi na mchapishaji wake, bila kukatwa gharama ya studio wala ya nguo. Ruth Brown aliimba nyimbo za Toombs, Chuck Willis na wengineo, kwa hiyo mfereji huo haukumpitia. Hili huwaponza waimbaji wengi mpaka leo: wanadhani mwenye sauti ndiye mwenye wimbo.

Lililokuja kuwa zito zaidi ni matoleo mapya. Kuanzia miaka ya 1960 nyimbo zilezile zilikusanywa katika albamu, zikakodishwa kwa kampuni za Ulaya na Japani, zikauzwa upya. Kampuni haikutumia dola hata moja kuzirekodi tena. Lakini asilimia ya mwimbaji ilibaki ileile ya mkataba wa zamani, deni lake lilibaki, na fedha za ukodishaji wa nje mara nyingi hazikuingizwa katika hesabu yake.

Aliondoka Atlantic mwaka 1961. Alikuwa na watoto wawili wa kiume wa kulea, akahamia Long Island. Akaendesha basi la shule, akafanya kazi katika nyumba za watu, akafanya kazi na watoto wadogo katika mpango wa serikali wa Head Start. Nyimbo zake zikiendelea kuchezwa redioni. Na hapa ipo dosari nyingine ambayo haijarekebishwa hadi leo: vituo vya redio vya kawaida nchini Marekani vinamlipa mtunzi wimbo unapochezwa, lakini havimlipi mwimbaji wala mwenye rekodi. Msikilizaji anayesikia sauti ya Ruth Brown katika redio ya gari huko Virginia asidhani kwamba kuna kitu kinakwenda kwa warithi wake.

Alirudi jukwaani katikati ya miaka ya 1970, akisaidiwa na mchekeshaji Redd Foxx, ambaye alimpa nafasi ya kumwigiza Mahalia Jackson katika tamthilia ya muziki iitwayo "Selma". Polepole akapata kazi za televisheni na klabu. Lakini jambo kubwa lilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanasheria wa Washington aitwaye Howell Begle alipomfuata baada ya onyesho akiwa na albamu zake za zamani ili azitie saini. Baadhi zilikuwa matoleo ya nje yaliyonunuliwa kwa bei kubwa. Begle alishangaa kusikia kwamba mwimbaji hakuwa amepata mirabaha yoyote kwa muda mrefu. Akakubali kuishika kesi bila malipo.

Namna walivyoifanya ndiyo tungependa wasomaji wenu waijue, kwa sababu inaweza kufuatwa popote. Kwanza, ilitafutwa mikataba yenyewe, kurasa zote, pamoja na barua za kuirefusha. Bila mkataba hakuna mjadala, na waimbaji wengi wa kizazi kile hawakuwa na nakala. Pili, iliorodheshwa kila rekodi: tarehe ya kurekodi, namba ya santuri, kila albamu ambamo wimbo uliingizwa baadaye, nchi ilikotolewa na kampuni iliyoitoa. Hapo ndipo wakusanyaji wa santuri wanapokuwa mashahidi wazuri, kwa sababu albamu iliyochapishwa Ufaransa au Japani, yenye namba ubavuni, ni ushahidi wa ukodishaji ambao kama haumo katika taarifa ya mirabaha, lazima uelezwe. Tatu, zilidaiwa taarifa za mauzo za kila kipindi na kulinganishwa na orodha ile.

Njia ya mahakama peke yake ilikuwa finyu. Mikataba ya aina hii huweka muda mfupi wa mwimbaji kupinga taarifa ya hesabu, mwaka mmoja au miwili, na asipopinga huhesabiwa ameikubali. Juu ya hapo kuna ukomo wa kisheria wa kufungua madai, na vitabu vya mauzo vya miaka ya 1950 havikutunzwa vizuri. Ndiyo maana Begle na Ruth walipeleka shauri kwenye magazeti, televisheni na Bunge la Marekani, ambako Ruth alitoa ushahidi. Walikusanya pia waimbaji wengine wa Atlantic wenye hali kama yake, ili kampuni isiweze kummaliza mmoja kwa hundi ya kimyakimya. Hapa tunaona ukubwa wake. Angeweza kuchukua chake na kuondoka.

Mwaka 1988, kampuni ikijiandaa kusherehekea miaka 40, makubaliano yalifikiwa. Atlantic ilifuta madeni ya zamani ya Ruth Brown na wenzake zaidi ya thelathini, ikakubali kuwalipa mirabaha ya nyuma ya takribani miaka ishirini, na ikatoa zaidi ya dola milioni moja kuanzisha Rhythm and Blues Foundation, taasisi ya kuwasaidia wanamuziki wakongwe kwa fedha za matibabu na dharura na kuwatunuku waasisi. Mwimbaji Bonnie Raitt alikuwa miongoni mwa waliosimama naye katika kazi hiyo. Kampuni nyingine kubwa zikaanza kuangalia upya viwango vya mikataba yao ya zamani. Kwa maoni yetu kufutwa kwa deni ndiko kulikokuwa na uzito kuliko hundi yenyewe: hundi hutumika ikaisha, lakini hesabu isiyo na deni inaanza kulipa tangu nakala ya kwanza inayouzwa kesho yake.

Yaliyofuata yalikuja haraka. Mwaka uleule wa 1988 alionekana katika filamu ya John Waters, "Hairspray", kama Motormouth Maybelle. Mwaka 1989 alishinda Tony, tuzo ya maonyesho ya jukwaani, kwa onyesho la Broadway "Black and Blue", na albamu yake "Blues on Broadway" ikampa tuzo ya muziki ya Grammy. Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi wanamuziki mashuhuri, ilimwingiza 1993. Sauti ya miaka hiyo ni nzito na yenye mikwaruzo zaidi. Mruko wa juu ameupunguza, na badala yake anachelewesha maneno nyuma ya mdundo, akizungumza nusu na kuimba nusu. Wapo wanaopenda Ruth Brown huyu kuliko yule wa 1950. Alifariki Novemba 17, 2006, huko Nevada, akiwa na miaka 78.

Kuna mambo yaliyobadilika baada ya kifo chake ambayo yanagusa rekodi hizi moja kwa moja. Sheria ya shirikisho ya Marekani haikulinda rekodi za sauti zilizofanywa kabla ya Februari 15, 1972, na redio za mtandaoni zilitumia mwanya huo kukataa kuwalipa waimbaji wa kizazi chake. Sheria ya mwaka 2018, Music Modernization Act, iliuziba. Sasa redio za mtandaoni na za setilaiti zinalipa kupitia SoundExchange, shirika linalokusanya na kugawa malipo hayo, na mgawo umewekwa: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa mwimbaji mkuu, 5 kwa wapigaji na waitikiaji. Hiyo 45 inakwenda kwa mwimbaji au warithi wake moja kwa moja, haipiti kampuni, kwa hiyo haiwezi kumezwa na deni la zamani. Huduma ambamo msikilizaji anachagua wimbo mwenyewe haziko katika mpango huo. Kule malipo yanafuata mkataba wa kampuni.

Muda wa ulinzi nao unatofautiana kwa mwaka wa wimbo. Rekodi zilizotolewa Marekani kati ya 1947 na 1956 zinalindwa miaka 110, maana yake "Teardrops from My Eyes" ya 1950 inalindwa hadi mwisho wa 2060. Zilizotolewa kuanzia 1957, kama "Lucky Lips" ya watunzi Leiber na Stoller, zinalindwa hadi Februari 15, 2067. Ulaya mambo ni tofauti kabisa. Muda wa rekodi ulikuwa miaka 50, na ulipoongezwa kuwa 70, nyongeza haikuzirudishia ulinzi zile ambazo muda wake ulikuwa umeshakwisha, yaani za kabla ya 1963. Kwa hiyo kampuni yoyote ya Ulaya inaweza kuchapisha nyimbo zote za Ruth Brown za Atlantic kihalali bila kuwalipa warithi wake chochote. Mtunzi kule analindwa miaka 70 baada ya kifo. Toombs alifariki 1962, basi upande wake unalipwa hadi mwisho wa 2032 kwa nakala ileile ambayo mwimbaji hapati kitu.

Hilo linamhusu msomaji anayetaka kununua. Mikusanyo ya bei rahisi iliyojaa mitandaoni, yenye nyimbo hamsini au mia na picha moja ya jaladani, mingi ni ya namna hiyo ya Ulaya, na mingi imenakiliwa kutoka kwenye santuri zilizochakaa au diski za watu wengine. Angalieni jina la kampuni kwa herufi ndogo nyuma au chini ya orodha ya nyimbo. Likiwa Atlantic au Rhino, ambazo zote ziko chini ya Warner, chanzo ni mikanda ya asili na mrabaha una njia ya kufika. Tungeanza na "Miss Rhythm: Greatest Hits and More", mkusanyo wa Atlantic wa 1989, ambao unaanzia "So Long" na kupitia miaka yote kumi na zaidi ya kazi yake pale. Sikilizeni kwa mpangilio wa tarehe, msikimbilie nyimbo za kileleni. Kati ya "So Long" na "Teardrops from My Eyes" kuna mwaka mmoja tu na ushee, na mwimbaji aliyeanza akilainisha kila neno anasikika akigundua afanye nini na mwisho wake.

Wasomaji wenu,
wakusanyaji wa santuri za R&B